Uzoefu kabla ya kazi: namna mwajiri anavyofikia kumwamini mtu asiyemjua

"Wanataka uzoefu wa miaka miwili, na uzoefu wenyewe unapatikana kazini. Anayemaliza chuo aanzie wapi?" Swali hili ni la haki kabisa, na inasikitisha kwamba wengi wanaoliuliza hujibiwa kwa nasaha za juujuu: jiamini, vaa nadhifu, andika CV ya kuvutia. Nasaha hizo hazina ubaya, ila zinaliacha swali palepale. Anayetaka kulifungua fundo hili hana budi kwanza akae upande wa pili wa meza, alipo mtu aliyepewa jukumu la kuajiri.

Mtu huyo ana nafasi moja na rundo la maombi. Akikosea kuchagua, atalipa mshahara wa mtu asiyeiweza kazi, wenzake watabeba mzigo wa ziada, na baada ya miezi michache atarudi kutangaza nafasi ileile. Ndani ya rundo lile, karibu kila barua inamwambia mambo yaleyale: nina bidii, najifunza haraka, naweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Hakuna namna ya kumjua mkweli kwa kusoma sentensi hizo. Kipaji chako hakionekani kwa macho, na ahadi kila mtu anaweza kuiandika. Anachokitafuta mwajiri, hata kama mwenyewe hakisemi hivyo, ni ushahidi wa kumpunguzia mashaka. Sehemu zote za kutafuta kazi, kuanzia CV hadi usaili, zimejengwa juu ya haja hiyo moja.

Mwanauchumi Michael Spence alilichambua jambo hili mwaka 1973, na kazi yake hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001 akiwa na George Akerlof na Joseph Stiglitz. Hoja yake ni kwamba cheti cha elimu kinamsaidia mwajiri kama ishara, hata pale ambapo masomo yenyewe hayahusiani sana na kazi. Ishara inaaminika kwa sababu kuipata kuna gharama, na gharama hiyo ni nyepesi kwa mwenye uwezo kuliko kwa asiyenao. Lakini ifuate hoja hiyo hadi mwisho. Siku waombaji wote wanapokuwa na shahada ileile, ishara haimtengi tena mmoja na mwingine, na mwajiri anarudi gizani. Ndiyo maana anaongeza sharti la uzoefu wa miaka miwili. Maana yake halisi ni hii: nataka kujua kwamba kuna mtu mwingine aliyekuamini kabla yangu na hakujuta.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kwa sababu linaonyesha jinsi sharti hilo linavyoweza kuwa jepesi kuliko linavyosikika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, mwanauchumi Amanda Pallais aliajiri watu 952 kwenye jukwaa la kazi za mtandaoni. Aliwachagua kwa bahati nasibu kutoka miongoni mwa waombaji, akawapa kazi fupi ya kuingiza data, kisha akaweka tathmini zao mahali ambapo waajiri wengine wangeziona. Wale ambao hawakuwa wamewahi kuajiriwa pale walipata kazi nyingi zaidi baadaye, na kipato kikubwa zaidi, kuliko wenzao walioomba bila kuchaguliwa. Kuingiza data kwa saa chache hakukuwageuza kuwa mabingwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa palikuwa na mtu aliyeandika hadharani kuwa aliwaona wakifanya kazi.

Mwanafunzi akilielewa jaribio hilo, atauona uzoefu kwa jicho jingine. Miaka miwili ofisini ni aina moja tu ya ushahidi, na aina nyingine zinaweza kukusanywa ukiwa bado unasoma.

Kazi ambazo mtu mwingine alizitegemea

Ushahidi haulingani uzito. Kipimo ninachokiona bora ni kuuliza: je, kuna mtu ambaye angepata hasara kama nisingeifanya kazi hii, au ningeifanya vibaya? Cheti cha kozi ya mtandaoni uliyoimaliza mwisho wa juma kina faida yake, lakini hakuna aliyekutegemea. Ukiwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi kwa mwaka mzima, fedha za watu zilikuwa mikononi mwako. Anayesoma sayansi ya kompyuta na akatengeneza programu inayotumiwa na wenzake kupanga ratiba za maabara ana jambo la kusimulia hata kama watumiaji ni 20 tu, kwa sababu watu hao 20 walimlalamikia ilipogoma, naye akairekebisha. Anayesoma lugha anaweza kutafsiri vipeperushi vya asasi ndogo. Anayesoma uhasibu anaweza kumsaidia mfanyabiashara mdogo kuweka vitabu vyake sawa. Kazi ya kibarua wakati wa likizo nayo isidharauliwe: kuaminiwa kufungua duka asubuhi na kufunga hesabu jioni ni ushahidi wa moja kwa moja kwamba wewe ni mtu wa kutegemewa.

Mafunzo tarajali ni fursa kubwa kuliko zote hizo, na ndiyo inayopotezwa zaidi. Wanafunzi wengi hukaa miezi miwili wakitoa fotokopi na kusubiri kupangiwa la kufanya, kisha wanaondoka na barua inayosema tu kwamba walihudhuria. Ukiingia mahali pa mafunzo, katika siku za mwanzo mwombe msimamizi akukabidhi kazi moja yenye mwanzo na mwisho. Inaweza kuwa ndogo: kupanga upya majalada ya wateja, kuandaa taarifa ya wiki, kuhakiki orodha ya vifaa vya stoo. Ifanye hadi mwisho, iandikie maelezo ya ukurasa mmoja, na umkabidhi. Kisha omba barua kabla hujaondoka, angali anakukumbuka kwa sura na kwa kazi. Ukirudi baada ya mwaka utamkuta amehamishwa, na aliyekalia kiti chake hakujui.

Weka pia daftari. Kila mwisho wa juma andika mistari michache: nilifanya nini, kwa ajili ya nani, nini kilibadilika, na namba zozote zinazohusika. Hili linaonekana kama jambo dogo mno, lakini muulize yeyote wa mwaka wa mwisho anayekaa mbele ya ukurasa mtupu akijaribu kukumbuka alifanya nini mwaka wa kwanza. Mambo aliyafanya. Hayapo tena kichwani, na kwa mwajiri jambo lisilosimuliwa halikutokea.

Halafu wapo wadhamini, yaani wale utakaowaandika mwishoni mwa CV ili mwajiri awapigie simu. Mhadhiri mwenye wanafunzi mamia hawezi kusema jambo la maana kukuhusu ikiwa hujawahi kufika ofisini kwake. Nenda, tena nenda na swali la kweli kuhusu somo lake. Wakati wa kuomba udhamini ukifika, mrahisishie: mtumie tangazo la kazi, CV yako, na sentensi mbili za kumkumbusha, kwa mfano kwamba ulisoma kwake mbinu za utafiti mwaka wa pili na mradi wako ulihusu upotevu wa maji mijini. Bila hayo atalazimika kusema kwamba wewe ni mwanafunzi mzuri, na sifa hiyo haimpunguzii mwajiri mashaka hata chembe.

Watu unaowafahamu kwa mbali

Neno koneksheni limechafuka, na si bila sababu. Upendeleo upo, watu wasiostahili hupewa kazi kwa undugu, na wanaostahili huumia. Lakini utafiti kuhusu namna watu wanavyopata kazi unaeleza jambo jingine kabisa, na mwanafunzi anayelikataa jambo hilo kwa kulichanganya na upendeleo anajinyima.

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala iliyokuja kuwa miongoni mwa zinazorejelewa mno katika sayansi za jamii. Alikuwa amewahoji watu wa fani za kitaalamu katika mji wa Newton, jimbo la Massachusetts, Marekani, akiwauliza walivyozipata kazi zao mpya. Kati ya waliosaidiwa na mtu wanayemfahamu, chini ya asilimia 17 walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Zaidi ya asilimia 55 walionana naye kwa nadra kiasi, na karibu asilimia 28 walikuwa hawaonani naye ila mara chache sana. Rafiki wa karibu alisaidia kidogo kuliko mtu wa mbali.

Sababu yake haina miujiza. Marafiki zako wa karibu wanakaa unapokaa, wanasoma unachosoma, na matangazo wanayoyaona ndiyo uliyokwisha kuyaona. Mtu wa mbali, kama yule aliyekutangulia chuoni miaka mitatu au mliyekuwa naye kwenye semina ya siku moja, anaishi katika mzunguko mwingine wa habari. Mwaka 2022 watafiti walilipima jambo hili kwa kipimo kikubwa: walichambua majaribio yaliyohusu zaidi ya watumiaji milioni 20 wa mtandao wa LinkedIn katika kipindi cha miaka mitano, na matokeo yakatoka katika jarida la Science. Yaliafikiana kwa sehemu kubwa na Granovetter, yakiongeza kwamba walioleta faida zaidi ni watu wa mbali wa wastani: si wageni kabisa, si wandani. Katika sekta zisizotegemea sana teknolojia ya kidijitali, mahusiano ya karibu ndiyo yaliyosaidia zaidi.

Kwa mwanafunzi, tafsiri yake ni kwamba inafaa kuwaandikia watu. Hapa wengi huogopa, wakidhani kuandika ni kuombaomba. Tazama ujumbe kama huu:

"Habari za kazi, dada. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa takwimu, idara uliyosoma wewe. Nimeona unachambua data za afya, na mradi wangu wa mwisho unahusu takwimu za chanjo. Ningeomba dakika 15 za muda wako, kwa simu au kwa maandishi, nikuulize mambo mawili: siku yako ya kazi inakuwaje hasa, na ni kitu gani umejifunza kazini ambacho hukukipata darasani? Kama una shughuli nyingi kwa sasa, nitaelewa."

Hauombi kazi. Ungeomba kazi, angelazimika kukujibu kwamba hana, na mazungumzo yangekufa hapo. Umemuuliza kuhusu jambo analolijua vizuri kuliko wewe, umemwonyesha kwamba umemsoma kabla ya kumwandikia, na umemwachia mlango wa kukataa kwa heshima. Baadhi hawatajibu. Atakayejibu, mshukuru, na baada ya muda mwandikie tena kumweleza jinsi ulivyoutumia ushauri wake. Hatua hii ya pili karibu hakuna anayeikumbuka, nayo ndiyo inayomgeuza mtu wa mbali kuwa shahidi wako: ameona umepewa neno na umelifanyia kazi. Nafasi ikitokea ofisini kwake na bosi akauliza kama kuna anayemjua kijana wa kufaa, hutakuwa jina tupu.

CV ni majibu kwa tangazo

Mnamo mwaka 1482 Leonardo da Vinci alimwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, barua ya kuomba kazi. Rasimu yake ipo hadi leo. Leonardo alikuwa mchoraji, na kwa picha ndiko dunia inakomjua. Lakini Milan ilikuwa na maadui, na alichohitaji mtawala ni zana za vita. Basi barua inaorodhesha madaraja mepesi ya kubeba, mbinu za kuzingira ngome, mizinga, magari yaliyofunikwa. Uchoraji na uchongaji vinatajwa kuelekea mwishoni, katika habari za atakachoweza kufanya wakati wa amani. Na baada ya yote hayo anasema kwamba kama kuna lolote litakaloonekana haliwezekani, yuko tayari kulifanyia majaribio katika bustani ya mtawala au mahali popote atakapopenda. Yaani alianza na haja ya mwajiri, akamaliza kwa kujitolea kutoa ushahidi. Sijui mfano bora wa barua ya maombi kuliko huo.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, lichapishe tangazo kwenye karatasi na ushike kalamu. Pigia mstari vitenzi vilivyo kwenye majukumu: kuandaa, kuhakiki, kufuatilia, kuwasiliana na wateja. Tenga sifa za lazima na zile zinazosemwa kuwa ni sifa ya ziada. Leseni ya taaluma au shahada ya fani fulani ikiwa ni ya lazima na huna, usijisumbue. Lakini usijitoe kwa kukosa sifa za ziada, wala kwa kukosa miaka kamili ya uzoefu ikiwa una kazi halisi za kuonyesha kwenye majukumu yaleyale. Kisha, kwa kila kitenzi ulichokipigia mstari, rudi kwenye daftari lako utafute ulipokitenda.

Tofauti ya CV dhaifu na yenye nguvu huonekana kwenye mstari mmoja. Wengi huandika hivi: "Niliwajibika na masuala ya fedha ya chama cha wanafunzi." Msomaji hajui chama kilikuwa na watu wangapi, wala kama uliwajibika vizuri au vibaya. Linganisha na huu: "Mweka hazina, chama cha wanafunzi wa uhandisi chenye wanachama 140. Nilihamisha kumbukumbu za michango kutoka kwenye daftari kwenda kwenye lahajedwali la kompyuta, nikasoma taarifa ya fedha mbele ya wanachama kila mwezi, na hesabu za mwaka zikakaguliwa na mlezi wa chama bila hoja." Hakuna neno hata moja la kujisifu pale. Sifa ameitoa mkaguzi. Mwajiri anaweza kumpigia simu mlezi akahakikisha, na hata asipopiga, anaona kwamba mwandishi haogopi kuulizwa.

Ukurasa mmoja unatosha kwa anayemaliza chuo, miwili ikizidi. Lililo muhimu zaidi likae juu, kwa kuwa msomaji wa kwanza hupitisha macho kwa sekunde chache tu kabla ya kuamua kama ataendelea. Dini, hali ya ndoa na urefu wa kimo viache nje, isipokuwa tangazo limevidai. Na mpe mtu mwingine akusomee, kwa sababu jicho lako limeshazoea makosa yako.

Barua ya maombi nayo isiwe marudio ya CV. Iwe na aya tatu fupi: kwa nini kazi hii na mahali hapa, ushahidi mmoja au miwili iliyoelezwa kwa undani, na namna ya kukupata. Programu za akili mnemba zinaweza kukunyooshea lugha, na sioni ubaya wa kuzitumia hivyo. Ubaya ni kuziachia zikuandikie, kwa sababu zitakupa zile sentensi za bidii na kujifunza haraka ambazo mwajiri amezisoma asubuhi nzima.

Mashine, majina na ukimya

Kampuni kubwa hupokea maombi kupitia programu inayoyahifadhi na kumwezesha afisa rasilimali watu kutafuta kwa maneno, kama mtu anavyotafuta kwenye intaneti. Tangazo likisema "usimamizi wa ghala" na wewe ukaandika "kutunza stoo", unaweza usionekane ingawa kazi ni ileile. Tumia maneno ya tangazo pale yanapoeleza ukweli wako. Epuka pia majedwali, safu mbilimbili na maandishi yaliyowekwa ndani ya picha, maana baadhi ya programu huyasoma vipande vipande au huyaruka kabisa.

Ni lazima niseme pia kwamba mchujo huu si wa haki siku zote. Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma karibu CV 5,000 za kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago, wakizigawia majina kwa bahati nasibu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kwamba CV zenye majina yanayohusishwa na Wazungu zilipigiwa simu kwa kiwango cha juu kwa takriban asilimia 50 kuliko zenye majina yanayohusishwa na Wamarekani Weusi. Mashine hazikuja kuliponya hilo. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba kampuni ya Amazon iliacha programu yake ya majaribio ya kuchambua CV baada ya kugundua kuwa inawashusha wanawake. Programu ilikuwa imefunzwa kwa maombi ya miaka 10 iliyotangulia, ambayo mengi yalitoka kwa wanaume, na ikajifunza kuendeleza hali ileile.

Nayasema haya kwa sababu nimeona vijana wenye uwezo wakijihukumu kwa ukimya wa waajiri. Umetuma maombi, wiki sita zimepita, hakuna hata barua pepe ya kukataliwa. Ukimya huo unaweza kumaanisha kwamba CV yako ilikuwa dhaifu. Unaweza pia kumaanisha kwamba nafasi ilifutwa, kwamba mtu wa ndani alikwisha kuandaliwa, kwamba maombi yako hayakufunguliwa, au kwamba jina lako lilimponza mwenye jina. Ukimya mmoja haukufundishi kitu. Ukituma maombi mengi yaliyoandaliwa vizuri kwa nafasi unazozistahili na hakuna anayekuita, tatizo liko kwenye karatasi, kwa hiyo irekebishe CV. Ukiitwa mara kwa mara lakini hupiti, karatasi inafanya kazi yake na mahali pa kurekebisha ni usaili. Kuweka orodha ya ulikoomba, tarehe, na ulipofikia, kunakusaidia kuona tofauti hiyo badala ya kuhisi tu kwamba mambo hayaendi.

Ndani ya chumba cha usaili

Kuna usaili wa namna mbili. Mmoja ni maongezi ya wazi, ambapo anayeuliza anafuata hisia zake. Mwingine una maswali yaliyopangwa, kila msailiwa anaulizwa yaleyale na majibu yanapewa alama kwa vigezo vilivyowekwa kabla. Paul Sackett na wenzake walipoyapitia upya matokeo ya miongo mingi ya utafiti katika kazi waliyoichapisha mwaka 2022, usaili uliopangwa uliibuka kuwa miongoni mwa vipimo vinavyotabiri vizuri zaidi utendaji wa mtu kazini. Waajiri makini wanauelekea huo, na ni habari njema kwako, kwa sababu usaili wa namna hiyo unaandalika.

Maswali yake huanza kwa "Tueleze wakati ambapo…" Yanataka tukio. Ukiulizwa kuhusu kufanya kazi na mtu mliyetofautiana, usijibu kwamba wewe ni mtu wa watu na hupendi migogoro. Simulia: "Kwenye mradi wa kikundi mwaka wa tatu, mwenzetu mmoja alikuwa haleti sehemu yake kwa wakati. Tulikuwa tumebakiza siku tisa. Nilimtafuta pembeni, nikagundua kwamba sehemu aliyopewa ilihitaji programu ambayo hakuwahi kuitumia na aliona aibu kusema. Tukabadilishana: yeye akachukua uandishi wa ripoti, mimi nikachukua uchambuzi. Tuliwasilisha siku moja kabla, na ripoti yake ndiyo aliyoisifu mwalimu." Jibu hilo lina hali iliyokuwepo, jukumu lako, hatua uliyochukua na matokeo, na linachukua kama dakika moja na nusu. Andaa matukio sita au saba ya namna hiyo kutoka kwenye daftari lako: kushindwa na ulichojifunza, kuongoza, kukosolewa, kufanya kazi muda ukiwa mfinyu. Yatajibu karibu swali lolote utakaloulizwa. Yasimulie kwa sauti mbele ya mwenzako, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu tukio lililo wazi kichwani hukwama mdomoni mbele ya watu watatu wenye karatasi.

Swali la udhaifu lijibiwe kwa ukweli. Taja jambo halisi lisiloigusa nguzo ya kazi unayoomba, na useme unalifanyia nini. Usiposikia swali, omba lirudiwe. Usipojua jibu, sema hujui na ueleze ungelitafuta wapi. Mwishoni wakikuuliza kama una swali, uwe nalo: mtu anayeshika nafasi hii anatarajiwa awe amekamilisha nini baada ya miezi sita? Jibu la swali hilo litakueleza kuhusu mahali pale mengi kuliko tovuti yao nzima.

Ofa ikija

Kwanza, hakikisha ni ofa ya kweli. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira hapaswi kumtoza mfanyakazi ada, moja kwa moja au kwa kuzunguka, ingawa unaruhusu nchi kuweka misamaha michache. Anayekudai fedha za fomu, za mafunzo au za kuhifadhiwa nafasi kabla hujaona ofisi wala mkataba, achana naye hata kama njaa inauma.

Mkataba ukiletwa, omba muda wa kuusoma. Angalia muda wa majaribio, notisi ya kuacha kazi, saa za kazi, na makato. Kuuliza kama mshahara unaweza kupitiwa upya si utovu wa adabu, mradi uulize mara moja, kwa heshima, ukiwa umeshajua nafasi kama hiyo inalipwaje kwingine.

Wanaohitimu wakati uchumi umeyumba wana hofu ya pekee, kwamba kazi duni ya mwanzo itawafunga maisha. Philip Oreopoulos, Till von Wachter na Andrew Heisz waliwafuatilia wahitimu wa Kanada waliomaliza vyuo katika kipindi cha miongo miwili, na mwaka 2012 walichapisha walichokiona. Waliohitimu wakati wa mdororo wa kawaida walianza na kipato pungufu kwa takriban asilimia 9, pengo likapungua kwa nusu ndani ya miaka mitano, na likatoweka kufikia mwaka wa kumi. Maumivu yalikuwa ya kweli na ya muda mrefu. Lakini njia mojawapo kubwa ya kupona ilikuwa kuhama: waliondoka kwenye waajiri wa mwanzo wakaenda kwa waliokuwa bora.

Na anayehama ataulizwa tena alichokifanya. Kwa hiyo ukiwa na nafasi mbili mkononi, pamoja na mshahara, uliza utakuwa chini ya nani, na kama mtu huyo hukaa na walio chini yake kupitia kazi zao. Tofauti ya mshahara ikiwa ndogo, mimi ningeichukua ile yenye msimamizi anayesoma ripoti ya mgeni mstari kwa mstari na kumrudishia ikiwa na wino mwekundu.